Tabaka la Kati

Chupa yenyewe ilikuwa ndogo, ungeifumbata kiganjani na mtu asijue umeshika kitu. Fundi Rangi aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaiinamisha, akaigonga kwa ukucha, kisha akamtazama Inspekta kwa jicho la mpishi aliyeambiwa wageni wameongezeka.

"Matone matatu," alisema. "Manne, nikiibembeleza."

"Unahitaji mangapi?"

"Sita."

"Basi ibembeleze, Mzee."

"Afande, chupa si mtuhumiwa. Huwezi kuibana ikakiri."

Jina lake la kwenye karatasi za mshahara hakuna aliyelikumbuka. Alikuwa na mwaka wa thelathini na moja katika maabara ya hospitali ile, akikata nyama ya binadamu vipande vyembamba kuliko utando wa kitunguu na kuvipaka rangi ili madaktari waone kilichomo. Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa na madoa ya zambarau ambayo hata mkewe alishakata tamaa nayo.

Mbele yake, kwenye trei, kulikuwa na kibonge cheupe cha nta. Ndani ya nta hiyo zilikuwemo tezi mbili za mwanamke wa miaka sitini na nne, aliyekufa wiki tatu zilizopita kwa kutapika na kuishiwa nguvu, akiwa njiani kuletwa hospitali hii hii. Mke wa mwanawe alikuwa mahabusu kwa siku ya kumi na mbili, akituhumiwa kumtilia sumu kwenye uji. Kesho saa tatu asubuhi angepandishwa kizimbani kusomewa shtaka la mauaji, na kwa shtaka hilo hakuna dhamana. Alikuwa na mtoto wa miezi sita anayenyonya.

Inspekta ndiye aliyemkamata. Ushahidi ulikuwa wa kutosha kumkamata mtu: uji aliupika yeye, marehemu aliunywa na ndani ya saa moja akaanguka; na jirani aliapa kwamba siku nne kabla ya kifo alimsikia akimfokea mama mkwe wake, "Sitakuletea tena, hata ukifa!" Kisha majibu ya mkemia yakaja. Hakuna sumu ya panya, hakuna dawa ya wadudu, hakuna kitu tumboni wala kwenye damu. Mwendesha mashtaka alisema huo ni ujanja wa sumu, si ushahidi wa kutokuwepo kwake. Inspekta alirudi nyumbani siku hiyo na kesi ambayo haikumkaa vizuri, kama kiatu chenye mchanga.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki. Daktari aliyepasua maiti aliandika mstari mmoja chini kabisa ya ukurasa: tezi za juu ya figo ni ndogo mno, zote mbili kwa pamoja hazifikii uzito wa moja ya kawaida.

"Jana ungekuwa umeshamaliza," Inspekta alisema.

Fundi Rangi aliinamisha kichwa. Jana alifanya kosa ambalo ni mtu mwenye uchungu na mali ya umma tu ambaye angeweza kulifanya. Kiashiria kile cha ndani ya chupa kiliagizwa mara moja kwa mwaka, na alikuwa anakibana tangu mvua za kwanza. Kwa hiyo alikitumia kwenye kipande cha marehemu peke yake, bila kuweka kipande cha mtu mzima wa afya pembeni. Kikatoka cheupe. Akafurahi, akampigia simu Inspekta. Daktari alipokiona kioo alikirudisha bila hata kukiweka kwenye hadubini.

"Alinikemea kama mtoto wa shule," Fundi Rangi alisema. "Na alikuwa na haki. Kipande kikitoka cheupe, utajuaje kama jiko limezimwa au ni kiberiti changu kibovu? Lazima uwashe na la jirani. La jirani likiwaka, na hili likakataa, ndipo unasema."

"Na leo jirani ni nani?"

Alionyesha kibonge cha pili cha nta. "Dereva wa pikipiki. Alikuwa mzima kama ng'ombe mpaka dakika ile lori lilipokata kona. Tezi zake ni za mfano. Mungu amrehemu, amewasaidia watu wengi tangu afe."

Alikata vipande viwili na kuviacha vielee kwenye maji ya uvuguvugu. Akavivua kwa kioo kimoja, kimoja baada ya kingine, akivisogeza kwa brashi ya nywele tatu hadi vikawa karibu kama ndugu kitandani. Vilipokwisha kukauka na kuoshwa nta, alivizungushia duara moja dogo kwa kalamu ya nta.

"Tone likiwekwa ndani ya duara halitoroki," alisema. "Kawaida kila kipande kina duara lake, na kila duara linakula matone matatu. Leo watu wawili wanakula sahani moja."

"Yatatosha?"

"Yasipotosha, Afande, mimi na wewe tutatazamana tu."

Aliiinamisha chupa ile juu ya duara. Moja. Mbili. La tatu lilining'inia mdomoni mwa chupa, likakataa kuanguka. Akaipuliza kwa juu, likaanguka. La nne halikuja. Akakiweka kioo kwenye sanduku lenye kitambaa kibichi, akafunga kifuniko, akatazama saa ya ukutani.

Vioo vingine viwili, vyenye viashiria vilivyokuwa tele, vilishakuwa tayari. Hiki cha tatu ndicho kilichosubiriwa. Inspekta alikaa kwenye stuli kwa saa nzima, mikono imebanwa katikati ya magoti. Aliwahi kuvizia majambazi kwenye mtaro wa maji machafu. Huko angalau unajua ukifika wakati utakimbia.

Daktari aliingia saa tano na nusu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, akakaa kwenye hadubini bila salamu ndefu. Alitazama kioo cha kwanza, cha pili. Cha tatu alikitazama muda mrefu. Alikisogeza kulia, akakirudisha kushoto.

"Njoo uone mwenyewe," alimwambia Inspekta. "Sitaki kesho mahakamani useme niliona mimi."

Inspekta aliinama. Kwanza aliona kope zake mwenyewe. Kisha picha ikatulia.

"Tezi hii ina gamba nje na kiini ndani," Daktari alisema karibu na sikio lake. "Kiini ndicho kinachotoa homoni ya kushtuka, ile inayokudundisha moyo ukiona nyoka. Gamba lina matabaka. La nje linalinda chumvi ya mwili. La kati ndilo nene kuliko yote, nalo linatoa kotisoli. Hiyo ndiyo inayokushikilia ukiugua, ukifiwa, ukilala njaa. Bila kotisoli, mafua tu yanakuangusha. Sasa, kwa rangi ya kawaida seli zote zinafanana, waridi tupu. Kiashiria kinatafuta kimeng'enya kinachopika homoni moja tu, kinakishika, na rangi ya kahawia inakaa pale pale. Kahawia maana yake jiko linawaka. Huyo kushoto ni dereva. Unaona nini?"

"Mkanda wa kahawia. Mpana."

"Tabaka la kati. Kiberiti cha Fundi ni kizima. Haya, nenda kulia, kwa mama."

Inspekta alizungusha kitufe. Palikuwa na weupe, na katikati ya weupe uzi mwembamba wa seli zilizosinyaa zisizo na rangi yoyote.

"Hakuna kitu."

"Sasa tazama vile viwili vingine." Daktari alimbadilishia vioo. "Hiki ni kiashiria cha tabaka la nje."

"Kahawia. Mabaka mabaka."

"Kwa umri wake ndivyo linavyokuwa. Linafanya kazi. Na hiki ni cha kiini."

"Kahawia tupu."

"Basi umeshamaliza kazi yangu." Daktari alivuta stuli. "Kifua kikuu kikiingia kwenye tezi hii kinakula kila kitu, hakichagui. Mwili ukijishambulia wenyewe unamaliza gamba zima, la nje pia. Lakini hapa aliyelala ni wa kati peke yake, na ndugu zake wako macho pande zote mbili. Anayempa amri huyu wa kati ni tezi nyingine, ya chini ya ubongo. Niliikagua siku ile, ni nzima. Kwa hiyo haikuugua. Iliacha kutoa amri kwa sababu iliona kotisoli ipo ya kutosha."

"Ilitoka wapi?"

"Mdomoni. Dawa za jamii ya steroidi ni pacha wa kotisoli. Ukizimeza kila siku, mwili unaona mgeni anafanya kazi, unampumzisha mwenyeji. Tezi inasinyaa kama mkono uliofungwa plasta. Kwa kusinyaa huku, nasema zaidi ya mwaka."

Inspekta alishika kalamu. "Na hiyo ndiyo iliyomuua?"

"Hapana. Kilichomuua ni kuikosa. Mgeni ameondoka ghafla na mwenyeji hawezi hata kusimama. Siku kadhaa baadaye anapata homa ndogo, mwili unaomba kotisoli, hakuna. Anatapika, presha inashuka, sukari inashuka. Uji haukuhusika hata kidogo. Hata angekunywa maji matupu, angeyatapika vile vile."

Fundi Rangi alipiga kofi moja la furaha, akaona aibu, akaficha mikono nyuma.

Inspekta alipiga simu akiwa bado kwenye korido ya maabara, kidole kimoja sikioni kwa kelele za magari ya wagonjwa. Alimweleza mwendesha mashtaka yote kwa mpangilio.

"Ngoja nikuelewe, Afande. Marehemu alikuwa anameza dawa kali kwa zaidi ya mwaka."

"Ndiyo."

"Kwenye faili lake la kliniki ipo?"

"Haipo."

"Basi alikuwa analishwa. Chakula chake alikuwa anapika nani?"

Inspekta alikandamiza simu sikioni.

"Halafu siku moja anayempikia anasema, sitakuletea tena hata ukifa. Dawa inakatika. Mama anakufa." Alisikika akiandika. "Kwa wiki mbili nimekosa usingizi natafuta sumu. Kumbe si kumpa, ni kumnyima. Unajua umenifanyia kazi nzuri sana?"

"Inawezekana alinunua mwenyewe."

"Niletee kopo la dawa hiyo. Niletee risiti, niletee shahidi. Kabla ya saa tatu kesho. Bila hivyo, vioo vyako nitavitumia mimi."

Mkono wa Inspekta uliokuwa umeshika simu ulishuka polepole. Alikwenda kumtafutia mtu ufunguo, akarudi na kufuli la pili.

Mahabusu ya wanawake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la juu. Mke wa mwana aliletwa kwenye meza akiwa na maduara mawili ya unyevu kifuani. Maziwa hayakuwa yameambiwa kwamba mtoto hayupo. Swali lake la kwanza lilikuwa lile lile la kila siku.

"Mtoto amekula?"

"Yuko kwa shangazi yake. Anakula."

"Ananenepa?"

"Mama, nisikilize. Ulisema hutamletea tena. Ulikuwa unamletea nini?"

Msichana alitazama meza. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

"Nikisema nitakuwa nimejifunga."

"Umeshafungwa. Tazama juu."

Hakutazama juu, lakini alicheka pumzi fupi ya puani. "Unga," alisema. "Unga wa viungo. Kopo la kijani. Mtaani wanauita Simama Mwenyewe."

"Tangu lini?"

"Miaka miwili na kitu. Mama alikuwa anapanda ngazi kwa magoti, Afande. Kwa magoti, kama mtoto. Akasikia kwa wenzake. Akanituma. Wiki moja tu, nikarudi sokoni nikamkuta anafua mashuka! Mume wangu alilia kwenye simu. Tangu hapo kila mwisho wa mwezi mimi ndiye naenda."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani ndio uliomuua. Wifi alisema utamuua, na mama amekufa. Mkono ulioleta ni wangu. Ningesema nini?"

"Wifi yako aliuona unga?"

"Si ndiye aliyeumwaga? Alikuja likizo siku ya Jumamosi, akakuta makopo matatu kabatini. Akasoma kopo, hakuna kiwanda, hakuna tarehe. Akasema tunamlisha mama yake uchafu. Akamimina chooni yote, akavuta maji. Akaapisha kila mtu asiulete tena. Mimi aliniapisha mara mbili."

"Halafu?"

"Siku ya nne viungo vikarudi. Mama hakulala. Wifi akitoka tu, mama ananishika mkono: mwanangu, kaninunulie kidogo, kijiko tu, sitamwambia. Siku ya tano hivyo hivyo. Kutwa nzima. Huku wifi, huku mama, na mtoto analia. Nikamwambia sitakuletea tena, hata ukifa." Alikwangua meza kwa ukucha. "Nilisema hivyo. Sikatai. Jirani hajaongopa."

Inspekta alifunga daftari. Kopo, alikuwa anawaza. Kopo moja tu, muuzaji mmoja. Akapiga simu kituoni na kumwagiza koplo awahi duka alilolitaja msichana, yeye angefuata.

Koplo aliwahi kweli. Aliwahi mno, na akiwa na sare. Inspekta alipofika kwenye mtaa ule wa mafundi cherehani na watengeneza simu, alimkuta amesimama mbele ya mlango wa bati, uso umemshuka.

"Nilimwomba muuzaji leseni kwa adabu, Afande. Akasema iko chumba cha nyuma."

"Na chumba cha nyuma kina mlango."

"Kina mlango."

Ndani, rafu zilikuwa tupu. Palibaki miduara safi katikati ya vumbi, safu juu ya safu, kila mduara sawa na kitako cha kopo. Inspekta alipekua mpaka chini ya mkeka. Hata unga wa kujaza ncha ya ukucha haukuwepo.

Alipotoka aliona benchi. Hakuliangalia wakati anaingia. Wazee saba walikuwa wamekaa hapo kwa kubanana, wanawake watano na wanaume wawili, kila mmoja na mfuko wake mkononi.

"Mwanangu," alisema bibi mmoja mwembamba mwenye uso wa mviringo uliovimba mashavu, "mnatufungulia saa ngapi?"

"Hafungui tena, Bibi."

"Leo?"

"Hafungui tena."

Mzee mwenye bakora alisema wake uliisha juzi. Mwingine akasema jana. Waliongea kama watu wanaojadili basi lililochelewa. Inspekta aliwatazama mmoja mmoja, na bila kutaka akajikuta anahesabu. Juzi. Jana. Siku ya nne viungo. Kisha homa ndogo, ya mjukuu, ya mvua, ya chochote.

Alichana karatasi za daftari lake vipande saba. Kwenye kila kimoja aliandika kwa herufi kubwa: HUYU AMETUMIA STEROIDI KWA MUDA MREFU. ASIACHISHWE GHAFLA. Akaweka sahihi na namba yake ya simu.

"Nendeni hospitali leo. Si kesho. Mpeni daktari karatasi hii. Mkikaa bila unga huo mtakufa, na mkiendelea nao kiholela utawaua pia. Mnanielewa?"

Bibi aliigeuza karatasi, akatafuta picha upande wa pili. "Hospitali ndiko walikoniambia nizoee maumivu. Huyu aliniambia simama, nikasimama." Akainuka kuonyesha, akazunguka mara moja mbele ya benchi, mikono imetanda. Wenzake wakacheka. "Unaniona? Sasa wewe ndiye umemfukuza, halafu unaniandikia barua."

Mmoja alikunja karatasi vizuri akaiweka ndani ya kiatu. Wawili walisimama wakaelekea barabarani kumtafuta muuzaji mtaa wa pili. Koplo aliwakimbilia, akarudi peke yake. Inspekta alimwacha pale na gari, na amri ya kumpakia yeyote atakayekubali. Kufikia jioni walikubali watatu.

Mwalimu, yule wifi, alimfungulia mlango akiwa na mtoto begani. Ndiye mkubwa wa watoto wa marehemu, ndiye aliyefungua malalamiko, na ndiye aliyebaki na mtoto wa mwanamke aliyemshitaki, kwa sababu kaka yake, dereva wa masafa, alikuja kuzika, akamtazama mkewe, akamtazama dada yake, akarudi barabarani bila kusema yuko upande gani.

"Umekuja kuniambia kesho ni chumba namba ngapi," alisema.

"Nimekuja kuuliza habari za makopo ya kijani."

"Aa, yale." Alikaa, akamgeuza mtoto, akampa chupa ya maziwa. "Niliyamwaga. Nyumba lazima iwe na mtu mmoja mwenye akili. Nafundisha sayansi miaka kumi na miwili, Inspekta. Nawaambia watoto, msiweke mdomoni kitu kisicho na jina. Halafu nakuja kwetu nakuta mama yangu mzazi anakula kitu kisicho na jina. Ulitaka nikisifu?"

"Hapana. Ulifanya kile ambacho mimi pia ningefanya."

"Kwa hiyo?"

"Uliyamwaga lini?"

"Jumamosi niliyofika."

"Na mama alifariki?"

"Unajua alifariki lini. Jumatatu ya..." Inspekta aliona vidole vya mkono uliomshika mtoto vikigusana na kidole gumba, kimoja kimoja. Hesabu ilipofika tisa vilitulia. "Uliza unachotaka kuuliza. Usinizungushe."

Inspekta hakumzungusha. Alimweleza kuhusu mkanda wa dereva wa pikipiki na uzi mweupe wa mama yake, tabaka la nje lililokuwa hai, kiini kilichokuwa hai. Alieleza kama Daktari alivyoeleza, na Mwalimu alikuwa mwepesi wa kuelewa kuliko alivyokuwa yeye. Mara mbili alimalizia sentensi mwenyewe. Hilo ndilo lililokuwa gumu kulitazama.

"Kopo halikuandikwa," Mwalimu alisema mwishoni.

"Halikuandikwa."

"Nilisoma pande zote."

"Najua."

"Ningejuaje?"

"Usingejua. Hata daktari asingejua bila kulipima."

"Angeendelea kuula, angekuwa hai?"

"Daktari anasema unga ule nao ungemharibu, taratibu. Mifupa, macho, sukari..."

"Sijauliza hilo."

Mtoto alimaliza chupa, akaisukuma. Inspekta alitafuta njia ya pembeni, hakuiona.

"Angekuwa hai."

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, kama anayesahihisha daftari na kukuta jibu ni sawa. Hakulia. Alimfuta mtoto mdomo.

Inspekta alitoa fomu ya maelezo akaanza kuandika: jina, uhusiano, umri, kazi. Kwamba marehemu alikuwa akitumia unga wa kopo la kijani kwa hiari yake kwa miaka miwili, kwamba akaacha. Hapo kalamu yake ikasita.

"Naweza kuishia hapa," alisema kwa sauti ya chini. "Alitumia, akaacha. Si lazima karatasi iseme zaidi ya hapo."

"Mwendesha mashtaka hatauliza nani aliuondoa?"

"Atauliza."

"Na akikuta pengo?"

Inspekta aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi.

"Atamsukumia wifi yangu humo." Alimhamishia mtoto goti la pili. "Andika." Akaanza kumsomea taratibu, kwa sauti ile ile anayowasomea watoto imla, akingoja kalamu imfikie. "Siku ya Jumamosi, mimi, binti wa marehemu, niliyamimina makopo yote matatu chooni kwa mkono wangu mwenyewe. Nukta. Marehemu alinisihi nimwachie kidogo. Nukta. Nilikataa. Nukta. Mke wa kaka yangu alikataa kumnunulia mengine kwa sababu nilimwapisha mara mbili. Nisomee."

Inspekta alisoma. Alisoma mpaka nukta ya mwisho.

"Hili litamtoa?"

"Pamoja na ripoti ya Daktari, hakimu hana cha kumshikilia."

"Na mimi nikisaini, mtanifanya nini?"

"Hakuna sheria ya kumfunga mtu kwa kumwaga uchafu."

"Kwa hiyo hakuna atakayenifunga."

"Hakuna."

Mwalimu aliitazama karatasi. "Hata siku moja," alisema.

"Hata siku moja."

Akasaini. Akasaini ukurasa wa pili. Kisha akainuka, akamweka mtoto mikononi mwa Inspekta bila kumwomba, akaenda kabatini. Alitoa nguo za mtoto na kuzipanga mezani: mashati, soksi, kofia, nepi zilizokauka leo asubuhi. Alizikunja moja moja, pindo juu ya pindo, akazitia kwenye mfuko. Alipomaliza alifungua droo ya chini akatoa na zile za mwezi ujao, ambazo bado zilikuwa kubwa.

"Wanaruhusu kumwona kabla ya mahakama?"

"Saa mbili."

"Nitakuwa mlangoni saa moja." Alisimama na soksi moja mkononi, ya pili haionekani. "Inspekta, wewe unaongea na watu kila siku. Nikimkabidhi mtoto wake, naanza na neno gani?"

Mtoto alikuwa ameshika kifungo cha sare ya Inspekta, anajaribu kukitia mdomoni. Inspekta alikizuia kwa kidole, akakaa vile, akifikiri, mpaka Mwalimu akaacha kungoja na kurudi kutafuta soksi.